Maneno Niliyokuwa Nikiyameza

Wiki iliyopita nilikuwa hospitali kuonyesha tumbo langu, kama ninavyotakiwa kila masika yanapokaribia, nikakaa benchi moja na mwanamke kijana aliyejikunja kama mtu anayesikilizia kitu ndani yake. Mkono wake mmoja ulikuwa chini ya kifua, pale mbavu zinapoachana. Niliutambua mkono ule kabla sijamwona uso.

"Panawaka?" nikamwuliza.

Akanitazama kwa mshangao. "Panawaka, dada. Umejuaje?"

Nilitaka kumweleza, lakini jina lake likaitwa, akainuka, na alipomaliza alitokea mlango mwingine. Sikumwona tena. Nikarudi Kariakoo na maneno yangu mdomoni. Basi nimeona niyaandike. Yeye asipoyasoma, atayasoma mwingine mwenye mkono uliokaa pahali pale pale. Mimi si mganga wala si nesi, na kuhusu dawa nitasema zile tu nilizozinywa. Ninachokijua ni namna ya kukaa na ugonjwa huu, na namna ulivyonilazimisha kufungua mdomo.

Jina langu Mwanaidi, ila mtaani naitwa Mama Zuhura, kwa jina la binti yangu. Nilizaliwa Bagamoyo, nikaolewa Dar es Salaam na Abdala, fundi seremala mwenye karakana ndogo upande wa Msimbazi. Tunakaa katika nyumba ya mama yake, Bi Mwajuma: vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, ua nyuma. Vyumba vitatu vina wapangaji. Vilivyobaki ni vyetu pamoja na yeyote aliyeshuka kutoka Kisarawe, maana ndugu wa mume wangu ni wengi, na wote huugulia mjini, hushtakiwa mjini na huolea mjini.

Alfajiri nilikaanga vitumbua nikauza barazani. Jua likipanda nilikwenda sokoni, nikirudi nilipika, nikafua, nikapanga foleni ya maji bombani. Mpangaji akitaka nimwangalizie mtoto, nilisema haya. Shemeji akileta wageni wa chakula na sufuria imeshaepuliwa, haya. Bi Mwajuma akibadili shauri la mchuzi na mimi nimeshakata vitunguu, haya. Watu walinisifu. "Mke wa Abdala hana neno," walisema, nami sifa hiyo niliivaa kama kanga mpya.

Maneno nilikuwa nayo. Niliyasema kimoyomoyo nikisonga ugali, nikayapanga vizuri kabisa, na mengine yalikuwa makali hata yakanichekesha mwenyewe. Kisha nilifunika sufuria, nikapakua, nikanyamaza.

Ugonjwa ulianza kipupwe kikielekea kwisha. Ilikuwa kama mtu ameniwekea kaa la moto chini ya kifua akasahau kuja kulichukua. Nikila ubwabwa kidogo lilipoa, lakini baadaye lilirudi na ukali zaidi. Asubuhi harufu ya mafuta ya vitumbua ilinigeuza roho. Siku moja Bi Mwajuma alinikuta nimeshika mlango wa ua, nimefumba macho, jasho linanitoka. Uso wake ukachanua.

"Alhamdulillahi!" akasema. "Miaka yote hii Zuhura yuko peke yake! Mwanangu, mbona hukuniambia?"

Nilijua kwamba si mimba. Mwili wangu ulikuwa umenijulisha juma lile lile, kwa njia ambayo sisi wanawake wote tunaijua. Lakini mama mkwe wangu alikuwa ameshanishika mikono miwili, anacheka machozi yakimlengalenga, mwanamke mzima ambaye kwa kawaida hachekicheki ovyo. Nikafungua mdomo nimweleze. Kilichotoka ni, "Inshallah, Mama."

Kuanzia hapo alinitunza kwa mapenzi yake yote. Maembe mabichi yalikuwa yameanza kuingia sokoni. Alinunua, akayamenya, akayapaka chumvi na pilipili, akanisimamia mpaka nimalize. Kesho yake ndimu. Kesho yake ukwaju. "Mtoto anataka ukali," alisema. "Kula mwanangu, usimnyime." Kila kipande kilishuka kama wembe. Nilimshukuru, nikaenda kujikunja chumbani nimeuma pembe ya mto.

Habari zikazagaa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vitambaa la mama mmoja wa Kihindu, tuliyemwita Kantabeni. Alivuka mwenyewe kuniletea kipande cha kitambaa cheupe laini cha nguo za mtoto. Nilikipokea kwa mikono miwili. Hata Abdala aliponiuliza kwa haya, huku anajipangusa vumbi la mbao, "Ni kweli anayosema Mama?" nilimjibu, "Mama ndiye ajuaye mambo haya." Akatabasamu, akaanza kuchagua mbao za kitanda kidogo.

Nami nikawa nakonda. Bangili ziliteleza mpaka nikazivua. Kanga iliyokuwa ikinizunguka mara moja na nusu sasa ilizunguka karibu mara mbili. Mpangaji mmoja alinitazama nikipeta mchele akasema, "Mama Zuhura, mimba gani hii inayomla mama?" Nikacheka naye. Nilikuwa hodari sana wa kucheka.

Mvua za vuli zilipofunguka ndipo nilipoanguka. Nilikuwa sokoni Kariakoo, mbele ya wauza nazi, nimeinama kuchagua. Kaa lile la moto likapasuka. Nikatapika pale pale, na nilichotapika kilikuwa cheusi kama mashapo ya kahawa. Nakumbuka muuza nazi akisema, "Mshikeni, mshikeni," na nakumbuka kwamba nilimwomba radhi kwa kuchafua mahali pake pa biashara. Naona leo ni kichekesho, lakini ndivyo nilivyokuwa: ninakufa, naomba radhi.

Walimkimbilia Abdala karakana. Alikuja na mkokoteni anaosafirishia makabati, akanilaza juu ya magunia, akausukuma mwenyewe mpaka hospitali. Bi Mwajuma alitembea kando yangu na mwavuli. Mvua ilikuwa ya upande, mwavuli haukufaa kitu, sote watatu tulirowa. Hakuna aliyezungumza. Nilimsikia tu Abdala akipumua.

Ukumbi wa kungojea ulijaa. Siku zile watu walikuwa wakizungumza siasa kila mahali, barazani, sokoni, lakini kwenye mabenchi yale hakuna aliyezungumza chochote. Kila mtu alikuwa na lake, analitazama sakafuni. Mama mmoja nisiyemjua alinisogezea bega lake niegemee, na bega lile nalikumbuka zaidi ya dawa nyingi.

Nilipoingizwa, daktari alikuwa Mzungu wa makamo mwenye miwani, na nesi wa Kiafrika, Paulina, alikuwa akifasiri. Daktari alijua salamu zetu.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo," nikajibu.

Akasema jambo kwa Kiingereza. Nesi Paulina akaniambia, "Anasema kama hujambo, basi urudi nyumbani."

Nilifundishwa tangu utoto kwamba mtu akikuuliza hujambo, hata ukiwa kitandani kwa homa, unaanza na sijambo. Nesi Paulina akavuta kigoda akakaa karibu yangu. Hakuwa na haraka, ingawa nje benchi zilijaa.

"Mama," akasema, "hapa sijambo tuiache mlangoni. Nikikuuliza, nijibu kama unavyomwelekeza mgeni njia. Panauma wapi? Wakati gani? Pakoje?"

Nikaanza kwa kigugumizi. Nikasema ni kama kaa la moto. Nikasema panapoa nikila chakula laini, panachachamaa nikila vikali. Nikasema kinyesi changu kimekuwa cheusi, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, nikadhani nitakufa kwa aibu. Yeye alifasiri tu, kana kwamba nasimulia habari za mvua. Daktari akawa anaitikia kwa kichwa. Kila nilipoongeza neno alinitazama kwa makini zaidi, na mimi nikashangaa kuisikia sauti yangu ikienda mbele bila kusukumwa.

Wewe unayeumwa, nakuomba jambo hili. Kabla hujaenda kwa daktari, keti na mtu unayemwamini umsimulie maumivu yako kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho. Usiseme "naumwa tumbo" ukanyamaza. Ukishayasikia masikioni mwako mara moja, mbele ya daktari hayatakukwama.

Walininywesha uji mweupe mzito kama chokaa, wakanisimamisha gizani mbele ya mashine ya kupigia picha. Wakaona kidonda tumboni. Nesi Paulina alinieleza, kisha akainama sikioni.

"Mkweo ameniambia nje kwamba una mimba. Daktari anasema hakuna. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Nani atamwambia?"

"Wewe," nikasema. "Tafadhali, dada."

Akanirekebishia shuka. "Dawa nitakupa mimi. Hilo ni la kwako."

Nikalazwa. Matibabu ya ugonjwa huu ni ya kuchosha: maziwa, kisha maziwa, kisha dawa nyeupe ya maji inayoacha mdomo kama umelamba ukuta, kisha maziwa tena. Kulala chali. Hapana chai, hapana pilipili, hapana cha kukaanga. Mimi niliyekuwa nikiamka kabla ya adhana nilihesabu boriti za dari mpaka nikazichukia. Nilitamani hata kufua.

Kitanda cha pili yangu alilala Mama Ndeshi, Mkristo wa Kilimanjaro, ambaye mumewe alikuwa na duka la jumla Kariakoo. Alikuwa amevunjika mguu, umefungwa plasta nyeupe, na sauti yake ilisikika wodi nzima. Saa ya kutazama wagonjwa mumewe alikuja na kikapu. Mama Ndeshi akakifunua.

"Baba Ndeshi, umeniletea ndizi mbichi tena. Jana nilikuomba mbivu. Nimeudhika."

Nikashika shuka nikingoja ugomvi. Baba Ndeshi akakuna kichwa. "Kweli uliniambia. Duka lilinizonga. Kesho mbivu."

"Haya. Niambie sasa, mtoto amekula?"

Wakaendelea kuzungumza, wakicheka, hata mume akamshika mkono mbele za watu. Yule mwanamke alisema ameudhika na hakuna kilichobomoka. Alipoondoka mumewe nikamwuliza, "Huogopi?"

"Niogope nini? Ndizi?"

Siku zilizofuata nilimweleza habari za mimba isiyokuwepo. Alicheka mpaka plasta ikagonga chuma cha kitanda, kisha akaona machozi yangu akaacha. Akachukua kanga yangu akajitanda kichwani, akabinua midomo.

"Mimi ni Bi Mwajuma. Nimekuja kukutazama. Niambie."

"Mama," nikaanza, "wewe ulikuwa ukinilisha vitu vikali—"

"Hapo umeshanizaba kofi. Mimi mkweo nimeshakasirika, sisikii tena. Anza na lako wewe. Wewe umekuwaje?"

"Mimi... mimi niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kukuvunja moyo."

"Sawa. Endelea. Lakini ya mchuzi wa mwaka juzi usiyalete, leo tuna jambo moja."

Mama mmoja mzee wa kitanda cha kona, ambaye tulidhani amelala, akainua kichwa. "Aseme polepole," akasema. "Tena amtazame machoni. Akitazama shuka ataonekana mwongo." Wodi nzima ikawa imeingia shaurini. Mmoja alitaka nilie kidogo, mwingine akasema nikilia nimeharibu. Tulicheka hata Nesi Paulina akaja kutunyamazisha, akasimama mlangoni na kijiko cha dawa, naye akacheka. Kidonda kiliniuma kwa kicheko kile, na sikujali.

Bi Mwajuma alikuja jioni ya siku iliyofuata. Alikuwa amevaa buibui lake zuri, na mkononi ana kikopo cha achari ya embe aliyoitengeneza mwenyewe. "Hawa na maziwa yao," akasema, "mtoto atazaliwa hana nguvu. Kula upesi, nesi hajaja."

Mama Ndeshi akageukia ukutani akajifanya amelala. Nikaona masikio yake yamesimama.

"Mama," nikasema, "mimi nina jambo zito, na naogopa kulisema. Naomba unisikilize mpaka mwisho." Nikausukuma polepole mkono wake wenye kikopo. "Sina mimba. Ni kidonda. Nilijua tangu siku ile uliponikuta mlangoni. Ulifurahi, nikaona siwezi kukunyang'anya furaha ile. Vitu vikali vinakichoma kidonda. Nilivila kwa sababu ulivimenya wewe."

Nilimtazama machoni kama nilivyoelekezwa. Alikifunika kikopo chake, akakizungusha kifuniko mpaka kikakaza kabisa, akainuka. Mlangoni akasimama kidogo, lakini hakugeuka.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Abdala alikuja peke yake, akanishika mguu juu ya shuka, akasema Mama hajisikii vizuri. Kumbe hata yeye alikuwa amehuzunika, maana kitanda kidogo kilikuwa tayari kimekwishaungwa. Hakunilaumu. Alisema tu, "Ungeniambia mimi." Maumivu yalirudi kwa nguvu siku zile, nikamwambia Mama Ndeshi kwamba ushauri wake umenimaliza. Akajibu, "Labda. Lakini leo nakuona umekasirika, na umenikasirikia mimi usoni. Ni mara ya kwanza."

Bi Mwajuma alirudi siku ya Ijumaa. Hakubeba kitu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo lililokatazwa.

"Mwanangu, mimi ni simba?"

"Hapana, Mama."

"Basi nina nini hata ule pilipili ufe kuliko kuniambia hapana? Nimekaa siku zote hizi nikijiuliza. Sikuudhika kwa mimba. Mimba Mungu atatoa akipenda. Nimeudhika kwamba nyumbani mwangu kuna mtu ananiogopa, na mimi nilidhani ananipenda."

"Nakupenda," nikasema. "Na nakuogopa. Vyote viwili."

Akaguna. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Na ule ukwaju," akasema, "ule ukwaju nilitembea mpaka Buguruni kuutafuta!" Akajifuta macho kwa ukingo wa buibui. Nami nikacheka na kulia, na kutoka upande wa ukutani tukasikia Mama Ndeshi anapenga kamasi.

Nilirudi nyumbani kiangazi kimeingia. Bi Mwajuma alikuwa amempata muuza maziwa aliyetoka Buguruni kwa baiskeli, na kila asubuhi aliyachemsha mwenyewe, hakumwachia mtu. Kantabeni alinifundisha kula wali uliovurugwa na mtindi bila pilipili. Nilipomrudishia kitambaa chake alikisukuma kifuani pangu. "Shona nguo yako," akasema. "Wewe ndiyo mtoto sasa." Nikashona blauzi.

Lakini msidhani nilitoka hospitali nikiwa mtu mwingine. Tabia ya miaka haitoki kwa maziwa. Shemeji mmoja alipokuja na wageni kuomba chakula, nilisema haya kabla sijafikiri, na jioni kaa lile likaniwakia. Baadaye nilijifunza kutosema haya wala hapana papo kwa papo. Nilisema, "Ngoja nitazame sufuria, nitakujibu." Nikienda jikoni nilijiuliza kama nina nguvu, nikarudi na jibu la kweli. Mara nyingi jibu lilikuwa ndiyo, na ndiyo ile haikuniuma. Mara nyingine nilisema, "Leo siwezi, shemeji. Unga upo, jiko lipo." Mara ya kwanza alinitazama kama nimevua nguo. Mara ya pili akawasha moto.

Jambo jingine ni kulisema dogo likiwa dogo. Mpangaji alipozoea kumwaga maji machafu mbele ya jiko langu, zamani ningenyamaza mpaka nimchukie yeye na watoto wake. Nilimwambia siku ile ile, kwa sauti ya kawaida, kwamba nateleza. Akasema, "Ah, pole, sikuona." Basi. Nilibaki nimesimama na hotuba yangu ndefu isiyokuwa na kazi.

Ramadhani ilipoangukia kwenye masika, daktari alinikataza kufunga. Iliniuma kuliko sindano. Kunywa maziwa mchana, chumbani, mlango umerudishwa, kama mwizi! Jirani mmoja alisema barazani kwamba wengine maradhi yao huja na mwezi mtukufu. Bi Mwajuma alimsikia. Nilijiandaa kwa vita, lakini alinigeukia mimi mbele ya jirani huyo akauliza, "Mama Zuhura, umeshakunywa maziwa yako?" Nikajibu, "Bado, Mama." Akasema, "Kayanywe. Ruhusa ya mgonjwa ameitoa Mwenyezi Mungu, si majirani." Tangu hapo niliacha kurudisha mlango.

Sisemi kwamba kunyamaza ndiko kulikonitia kidonda. Daktari mwenyewe alisema sababu ni nyingi na nyingine hawazijui. Nawajua watu wasemaji sana wenye kidonda kama changu. Ninalolijua ni kwamba siku nilizomeza maneno kilichacha, na siku nilizoyasema kwa utaratibu kilitulia, na dawa ikapata nafasi ya kufanya kazi. Dawa msiiache. Nami sikuiacha.

Kipupwe kiliporudi nilikuwa nimeanza kunenepa. Siku moja alasiri Abdala alirudi kutoka karakana akanitangazia kwa furaha kwamba binamu yake anaoa, na kwamba ameshawaambia jamaa wa Kisarawe wote walale kwetu, hata chumbani mwetu, na mimi nitawapikia mpaka harusi iishe.

"Umewaambia bila kuniuliza," nikasema.

"Ni ndugu zangu, Mama Zuhura."

"Ni ndugu zako, na tumbo ni langu. Mimi nataka waje. Lakini siwezi kupikia watu wote hao peke yangu, wala sitaki kulala ukumbini. Nimeumia kwamba ulipanga mikono yangu kama unavyopanga mbao."

"Kwa hiyo niwarudishie maneno yangu? Nionekane sina kauli nyumbani?"

Nikajibu. Naye akajibu. Sauti zikapanda. Wapangaji walichungulia milangoni, maana katika miaka yote ya ndoa yetu hawakuwahi kutusikia. Nilimwona Bi Mwajuma uani, ameacha kuchambua mchele, ametega sikio, na naapa alikuwa akitabasamu. Mwishowe Abdala akachukua kofia yake akatoka, mlango ukajibamiza.

Nilikaa kitandani. Nilingoja lile kaa. Nilishika tumbo, nikasikilizia, nikangoja sana. Halikuja. Kilichokuwa kikiniuma ni jambo jingine, tena lilikuwa juu zaidi ya tumbo: nilidhani nimempoteza mume wangu.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipomsikia akivua viatu ukumbini. Aliingia ana vumbi la Msimbazi miguuni, alikuwa ametembea tu, bila pa kwenda. Akavuta kigoda alichokichonga mwenyewe, akakaa mbele yangu, magoti yake yakagusa yangu.

"Siku ile nikisukuma mkokoteni," akasema, "nilikuwa nakuomba moyoni useme neno lolote. Hata unitukane. Ulinyamaza njia nzima, nikajua nakwenda kuzika." Akaiweka kofia yake sakafuni. "Basi, mke wangu. Nimerudi. Endelea, hukuwa umemaliza."